Miwani ya Skola Haishiki Ukungu

Jumamosi jioni, mwezi wa saba. Chanji.

Upepo umeshuka kutoka milima ya Mbizi tangu alfajiri na mpaka naandika hivi haujachoka. Nimevaa sweta juu ya sweta, kitenge nimejifunga kiunoni, chai iko mezani, na nina hasira. Hapana, si hasira. Ngoja niite kwa jina lake, maana hapa sina wa kumdanganya.

Nina wivu.

Namwonea wivu Skola, mke wa shemeji yangu, yule mdogo wake mume wangu, Baba Beni. Na namwonea wivu kwa sababu ya miwani. Anayetaka kucheka acheke. Wote wawili tunavaa miwani. Yangu, nikitoka kwenye baridi hii ya kwetu na kuingia ndani penye watu, inashika ukungu mweupe, nabaki mlangoni napapasa viti. Ya Skola haishiki. Sijawahi kumwona hata siku moja akiivua kuifuta.

Ingekuwa ni suala la kupapasa viti tu ningevumilia. Lakini leo ilikuwa Misa ya kumkumbuka Mzee, baba mkwe wangu, mwaka mmoja tangu atutoke, pale pale nyumbani kwake Kasense. Na aliyepangwa kusoma somo ni mimi.

Niseme kwa nini nililitaka sana somo lile. Mzee macho yalimwishia kabla ya pumzi. Kila Jumapili mchana nilikuwa natoka hapa Chanji kwenda kumsomea Biblia, na yeye alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu Mama Beni ndiye macho yangu." Alikuwa akisema hivyo mbele ya watu, na mimi nikijifanya nimeinama natafuta ukurasa, kumbe nasikia utamu. Skola wakati huo alikuwa hata hajaolewa. Hajawahi kumsomea Mzee mstari mmoja. Ameingia kwenye ile nyumba baada ya msiba, anaishi na Mama, anafundisha chekechea huko huko, na sauti yake, nakiri, ni nzuri.

Sasa mwezi uliopita jumuiya ilisali pale Kasense asubuhi na mapema, nikapewa Neno nisome, miwani ikanikatalia. Nikakohoa, nikafuta, nikaruka mistari. Watu wakavumilia. Basi tulipokaa kupanga Misa ya Mzee, Mama mkwe akasema kwa upole wake ule, "Asome Mama Beni. Miwani ikimsumbua, Skola atakuwa karibu."

Skola atakuwa karibu. Nimeshona na hayo maneno, nimepika nayo, nimelala nayo.

Nikaapa kwamba miwani yangu haitashika ukungu siku hiyo. Nilianza na dawa ya meno, kwa ushauri wa mteja mmoja niliyekuwa nikimpunguzia sketi. Nikaijaribu kwenye miwani ya zamani, namshukuru Mungu kwa hilo, maana ilichubuka vioo vyote na sasa haifai hata kumvalisha kinyago. Nikajaribu kiazi kibichi. Kiazi kiliniachia utando, dunia yote ikawa kama naiona kupitia mfuko wa nailoni. Mwishowe nikatumia sabuni ya mche, ile ile ya kufulia. Unalowesha kidole, unakigusisha kwenye sabuni, unapaka kioo kidogo sana, kisha unakisugua kwa kitambaa laini cha pamba mpaka kinang'aa kama hujapaka kitu. Vitambaa fundi cherehani hakosi. Nikasimama na miwani yangu juu ya sufuria ya maharage yanayotokota.

Haikushika kitu! Nilicheka peke yangu jikoni. Baba Beni akachungulia akaniuliza kama maharage yameiva, nikamwambia yameiva sana.

Leo asubuhi basi nikapaka sabuni yangu, nikavaa gauni. Gauni lenyewe nimelishona wiki nzima, kitenge cha zambarau, mabega yamesimama, na nalitaja hapa kwa sababu lina kesi yake mbele. Baba Beni alikuwa ametangulia tangu jana. Nikachukua bodaboda. Julai barabara ya Kasense ni vumbi tupu, na lile vumbi na upepo vilinipiga usoni njia nzima. Nilipofika getini kioo kimekuwa chekundu. Nikaivua, nikaifuta vizuri kwa upindo wa khanga.

Sabuni yote ikaenda na upindo wa khanga. Hilo sikuliwaza hata kidogo.

Padre alikuwa ameshavaa. Kwetu mkwe akifika hupitia jikoni kwanza, anachuchumaa, anapiga makofi ya salamu, anakaa motoni kidogo na wanawake, ndipo aende kwingine. Mimi jikoni sipiti. Nimekuwa sipiti miaka mingi. Jiko la Mama ni la kuni, na moshi ukishaingia kwenye kitenge kipya hautoki mpaka ukifue, nacho kikifuliwa hakirudi kuwa kipya. Kwa hiyo leo pia nilizunguka kwa mbele, nikaingia sebuleni moja kwa moja kama mgeni wa mjini.

Sebule ilijaa. Watu kwenye viti, watu kwenye mikeka, watoto mapajani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya upepo. Joto la pumzi lilinipokea mlangoni. Nilikuwa hata sijapata pa kuketi vizuri nikaitwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe.

Nikafungua Biblia. Sikuona kitu.

Si herufi, si ukurasa, si mikono yangu. Nikaivua, nikaifuta, nikaivaa, ikarudi nyeupe vile vile. Bila miwani mimi herufi zinanikimbia kama siafu. Nikafuta tena. Mtu mmoja nyuma akakohoa, na kwenye mkeka kuna mtoto akauliza kwa sauti kwa nini yule mama analia. Nilikuwa silii. Ulikuwa ukungu unashuka shavuni.

Kisha nikasikia sketi inapita karibu yangu. Ni Skola. Aliweka kidole chake kwenye mstari, akaanza kusoma, na miwani yake ilikuwa safi kama maji ya kisima. Alisoma taratibu, kila neno mahali pake. Mama mkwe alifumba macho kusikiliza. Nilimwona, maana kufikia hapo miwani yangu ilikuwa imeshajisafisha yenyewe, imenipa macho muda ule ule nilipokuwa siyahitaji.

Nilitamani ya kwake ishike ukungu. Hata kidogo tu, hata kioo kimoja. Katikati ya Misa ya Mzee, mimi naombea ukungu.

Baada ya Misa kila aliyepita alimpa Skola mkono. Umesoma vizuri mwanetu, umesoma vizuri. Nilikula ugali wa ulezi na samaki aina ya migebuka bila kusikia ladha. Mwishowe nikashindwa. Nikaenda jikoni, gauni na vyote, nikamkuta amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga anageuza sufuria, na Mama mkwe kwenye kigoda kingine pembeni yake. Vigoda vyenyewe ni viwili tu.

Ukungu ukanipokea mlangoni, kama kawaida. Nikauliza nikiwa sioni, bila hata salamu.

"Skola, hivi wewe unapaka nini?"

Akashtuka. "Napaka wapi, dada?"

"Kwenye miwani."

"Mimi? Sipaki kitu." Akacheka kidogo, si kwa kunisimanga. "Labda kwa vile naamkia hapa na mama tangu alfajiri. Miwani ikishaota moto, ukiingia ndani haina shida. Ya kwako inatoka na baridi ya bodaboda, dada, inaingia nayo mpaka ndani."

Hivyo tu. Hakuna dawa. Miwani yake haishiki ukungu kwa sababu haiji na baridi.

Nikageuka kwa Mama mkwe, sijui nikitaka anitetee au anisamehe. Yeye alikuwa anapunguza kuni. Akasema, "Mzee naye alikuwa analalamika. Mkono wa Mama Beni una baridi, mwambieni apitie jikoni kwanza aote moto. Nikamwambia ana nguo nzuri, anaogopa moshi."

Sikujua kama Mzee aliwahi kusema hivyo. Nilikuwa nikifika nampa mkono, nafungua kitabu, nasoma, naondoka kabla jua halijalala. Akishtuka nikimshika, nilifikiri ni kwa furaha.

"Samahani, mama," nikasema.

"Gauni linafuliwa," akajibu.

Akasogea. Kigoda hakikuwepo, nikakaa kwenye gogo la kuni, zambarau yangu yote kwenye majivu. Moshi ukanigeukia mimi, kama moshi unavyowajua wageni. Sikuifuta miwani. Niliiacha tu, na taratibu ukungu ukaondoka kuanzia pembeni, nikaanza kuona mafiga, sufuria, kisha miguu ya Mama ilivyopasuka visigino kwa baridi, kisha mkono wa Skola unavyomfunika Mama khanga begani bila hata kuangalia, kama mtu anayefanya hivyo kila siku. Na anafanya kila siku.

Hapo ndipo wivu ulipohama. Miwani nikaisahau kabisa. Nikaanza kukionea wivu kile kigoda alichokalia Skola.

Nilikuwa macho ya Mzee, lakini nilikuwa nakuja nayo Jumapili na kuondoka nayo Jumapili.

Wakati naaga Mama aliniambia Jumamosi ijayo jumuiya inasali tena pale, asubuhi na mapema. Hakusema nani atasoma, na mimi sikuuliza. Skola alinisindikiza mpaka getini, akaniambia nivute khanga nijifunike kifua, upepo mbaya. Hata kwa wema huwezi kumshinda yule.

Sasa niko nyumbani. Gauni linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango na chumba chote kinanuka jiko la Kasense. Baba Beni ameniuliza kama silifui. Nimemwambia bado.

Wivu upo, sitasema uongo. Umekaa hapa hapa, umenywa chai na mimi. Ila kuna saa unamkalisha mtu chini umfundishe kitu.

Ijumaa nafunga cherehani mapema. Nakwenda kulala Kasense, nichuchumae mlangoni nipige makofi, niamke na Mama kuwasha moto. Asome Skola, nisome mimi, tutajua hapo hapo.

Kigoda nabeba changu.