Mbona Mmempenda Jeuri?

Gitothua,
Ruiru.
Jumapili, 10 Agosti 1958

Mpendwa dada yangu Magdalene,

Pokea salamu zetu, pamoja na baridi ya Agosti ya huku. U mzima? Kile kifua kimepona, au vumbi la Arusha bado linakusumbua? Sisi tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto linalalamika kila asubuhi, lakini mdomo wangu, kama ujuavyo, haujaugua hata siku moja.

Barua yako niliisoma nimesimama palepale posta, na kwa hasira nikasahau kofia yangu kwenye meza ya stempu. Unaniandikia kwamba katika hadithi ninayokutumia sura kwa sura, unayemngojea kwa hamu ni Jeuri! Wewe, katika watu wote! Jeuri nilimtunga kwa ajili yako. Mashamba yalipounganishwa, Kagwe, jirani yako wa mpakani, aling'oa matoka, yale maua ya mpaka aliyoyapanda baba yako, ami yangu, kando ya mto Theta, akayasogeza ndani ya shamba lako. Kamati ya mashamba ikapima kwa kufuata maua. Wewe ulikuwa mbali, mjane, huna shahidi. Mimi sina cheo wala bunduki. Nina kalamu. Nilitaka kila mtu kutoka Ruiru hadi Thika amchukie Kagwe bila mimi kumtaja jina.

Kumbe nimelea adui. Kila Jumamosi mchana ninasoma katika hoteli ya chai ya shangazi Ngina, na watu hujaa hadi mlangoni. Nikisoma jinsi mjane anavyolia, wao wanakoroga chai. Nikifika pale Jeuri anapong'oa maua huku kanisa zima linaimba, naye anaufuatisha wimbo kwa mluzi, wanapiga meza kwa furaha. Bedan, fundi wa cherehani, aliniambia usoni, "Karani, huyo mwizi ukimfunga jela, chai yako utainywa peke yako."

Neno hilo nimelitafuna wiki nzima. Nimesoma vitabu vingi vya watu waovu, na sasa nadhani nimeelewa. Hawa jamaa, miaka yote hii ya Hali ya Hatari, wamemvulia kofia kila askari na kuonyesha pasi hata wakienda mtoni. Jeuri hamvulii mtu kofia. Basi wanaazima kifua chake kwa saa moja, kisha wanakiacha mlangoni na kurudi kwao watu wema kama walivyokuja. Na hakuna anayetaka kuwa mjane, hata mjane mwenyewe. Barua yako imenithibitishia.

Lililoniuma zaidi ni kwamba Kagwe naye alianza kuja. Anakaa mbele kabisa, kofia ameiweka upande kama Jeuri. Watoto wakimwona barabarani wanaita, "Jeuri!" naye anapunga mkono kama gavana. Unaona matusi hayo? Nimemshonea mwizi wako suti, naye ameivaa na kunishukuru.

Nikaamua kulipiza kisasi. Kumuua Jeuri haifai, wangemlilia. Nilimfanya mwoga. Katika sura ya jana Jeuri anarudi mpakani kumalizia maua yaliyobaki, magoti yanagongana. Anamtanguliza mkewe achungulie. Mbuzi anakohoa kichakani, bwana anarukia mtoni na kujificha kwenye matete, tope hadi masikioni, huku mkewe ndiye anayeng'oa maua. Hoteli nzima ilicheka, na safari hii walimcheka yeye. Nakhumicha, mpishi wa Ngina, akapaza sauti kutoka jikoni, "Kumbe ni kuku tu!"

Kagwe akasimama, mishipa ya shingo imemtoka.

"Atiriri, Gachanja! Unaharibu hadithi. Hakuogopa!"

"Mzee, wewe umejuaje?"

"Nimejuaje? Niliyang'oa mchana kweupe, peke yangu, nyinyi mkiwa kanisani! Yote! Mke wangu hakugusa hata moja!"

Magdalene, Nakhumicha alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mzee Kibathi wa kamati ya mashamba alikuwa ameketi dirishani. Akaweka kikombe chini taratibu, akasema, "Rudia, Kagwe. Sikio langu moja ni bovu."

Kagwe akainama. Alianza kutafuta kofia yake chini ya benchi, nayo iko kichwani.

Nimesoma maisha yangu yote, lakini sikujua kwamba mtu anaweza kumpenda mwovu wa hadithi kiasi cha kujitia kitanzi ili kumtetea.

Sasa nisikilize vizuri. Leo baada ya ibada Mzee Kibathi ameniambia kamati itatembea mpaka upya Jumamosi ya tarehe thelathini, na lazima mwenye shamba awepo, adai kwa kinywa chake. Usipofika, mambo yatabaki yalivyo. Panda basi mapema. Kagwe tayari amemtuma mkewe kwangu na kondoo na maneno matamu ya amani. Kondoo nimemrudisha, na maneno pia.

Nakujua, dada. Kagwe atakuja mbele yako na mzaha, atakuita mtoto wa nyumbani, nawe moyo utalainika kwa sababu umemzoea kwenye karatasi. Wazee wakikuona unacheka watasema umesamehe, nasi tutarudi mikono mitupu. Usimsamehe! Nataka achimbe matoka yale kwa mikono yake, moja moja, mbele ya watu wote wa kanisa, ayarudishe alipoyapanda baba yako. Nitaleta kiti nikae kabisa nitazame. Jeuri wa hadithi mpende upendavyo, sikukatazi tena. Huyu wa Theta mwachie kaka yako.

Nisalimie binti yako Mumbi, na jirani yako Ndunge ambaye nasikia naye ananichapia meza huko. Shangazi Ngina anakungoja na uji. Mungu akulinde njiani, na siku hiyo akupe uso mkavu.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata unaponiudhi,

Gachanja