Mchanga wa Magadi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeponda magadi tangu asubuhi, mkono unawaka. Wateja wawili tu. Kibanda cha pili, kwa Nyokabi, watu wamejaa. Magadi ni yale yale, lori linaloyaleta ni lile lile, soko ni hili hili la Bondeni. Mama Otis wa hoteli ya githeri, ambaye hulainisha mahindi na maharagwe yake kwa magadi, mteja wangu mkubwa, kanipita kama hanijui. Akaenda kwa Nyokabi. Wivu umenishika hadi chakula cha mchana kikanishinda.

Jumanne, 4 Machi

Nilimfuata Mama Otis hotelini. "Magadi yako iko na mchanga, Mama Kevo. Watu wanauma mawe kwa githeri." Matusi! Nikamwambia anayetia mchanga ni Nyokabi, na Ijumaa namletea ushahidi. Amesema nikileta, oda yote inarudi kwangu.

Sasa lazima niupate.

Jumatano, 5 Machi

Kemia ya shule sijaisahau yote. Magadi huyeyuka, mchanga hauyeyuki. Shemeji kaninunulia ya Nyokabi. Nikapima gramu mia mbili zake, mia mbili zangu. Sufuria mbili, maji moto, koroga. Nikachuja kila moja kwa kitambaa chake, nikausuuza mchanga uliobaki mpaka maji yakaacha utelezi. Nimeuanika karibu na jiko. Nina furaha mbaya.

Alhamisi, 6 Machi

Mchanga umekauka. Wa Nyokabi, gramu nane. Nane kwa mia mbili, mara mia: asilimia nne.

Wangu, gramu thelathini. Asilimia kumi na tano.

Nilidhani nimechanganya sufuria. Nikarudia yote. Vile vile.

Sijawahi kutia mchanga, naapa. Nikakaa uani kujiuliza, na jibu nilikuwa nimelikalia. Hapa ndipo ninapoanika magadi, chini kwenye udongo, halafu nazoa kwa ufagio. Nyokabi huanika juu ya turubai. Mimi nikasema ni maringo.

Nimelia kwa hasira. Nilitaka awe mwizi. Ningelala vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempelekea Mama Otis vitambaa vyote viwili na mchanga wake. Nikamwonyesha upi ni wangu. Akasema, "Si ungeutupa tu njiani?" Oda imebaki kwa Nyokabi.

Jioni nilipita kwa Nyokabi kumwomba msamaha. Hajui nilivyomsema. Akanisogezea stuli, nikakaa. Msamaha sikuuomba. Akaja mtu wa Mama Otis kuchukua mzigo, na Nyokabi alikuwa peke yake, kwa hivyo nikainuka nikamshikia gunia akijaza. Magadi meupe, safi. Wivu haujaisha. Nililishika gunia mpaka likajaa.