Kisanduku cha Tatu

3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Sisi huku wazima. Mama anakusalimu, anasema uzee usiwe kisingizio cha kutoandika. Nimeamua barua kwa sababu simu husikii, na ukisikia unajibu lingine.

Nimesimamishwa kazi. Msimamizi wetu kiwandani anavaa shingoni ufunguo wa choo cha wanawake. Ukitaka kwenda unamwomba, anakupa, anabonyeza saa yake. Dakika tatu. Ukizidisha anasimama katikati ya mashine na kutangaza jina lako na dakika zako. Mwezi uliopita alimtangaza fundi wa vifungo, mama mtu mzima, mgonjwa wa kisukari. Yule mama alirudi kwenye mashine akashona huku machozi yanamtoka. Tulipomuuliza akasema ni vumbi la kitambaa.

Kesho yake nikakata ufunguo wa kadibodi, mrefu kama mkono, nikauvaa. Saa ya chai nikamsimamia msimamizi na saa ya mezani ya mama. Nikamwambia, "Mkuu, kikombe kimeshafika mdomoni. Una dakika tatu." Zilipokwisha nikatangaza. Watu walivunjika mbavu, hata mlinzi mlangoni.

Sasa ofisi kuu imeniletea fomu ya Kiingereza. Nitie alama kwenye kisanduku kimoja kueleza nilichofanya: "banter", "sarcasm" au "mockery". Cha kwanza adhabu yake ni onyo, cha pili ni mwezi bila mshahara, cha tatu ni kufukuzwa. Kamusi yangu inasema yote matatu ni mzaha. Wewe umekuwa mkalimani wa mahakama miaka thelathini huko ugenini. Yanatofautianaje? Kamati inakaa tarehe 30 Aprili.

Mpwa wako

17 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa lakini bado kinanitii. Mwambie dada yangu kwamba uzee si kisingizio, ni kazi ya kutwa.

Nimecheka hadi jirani akagonga ukuta. Halafu nikakaa na fomu yako kwa adabu.

Kamusi yako imefanya uvivu. Maneno hayo ni ndugu, lakini ndugu wasiosalimiana. "Banter" ni utani wa watu wawili: nakurushia, unanirudishia, na tukimaliza hakuna aliyepungukiwa. Ndivyo tulivyo mimi na mama yako tangu utotoni. "Sarcasm" ni kijembe. Mtu kaja saa sita, unamwambia, "Leo umewahi kweli." Mdomo unasifu, maana inachoma. "Mockery" ni dhihaka. Hapo unalichukua jambo la mtu, unaliigiza mbele ya watu jinsi lilivyo, na yeye mwenyewe analiona.

Nakushauri kisanduku cha kwanza. Uko nyumba moja na mama asiye na kipato, na kazi hazianguki kama mvua. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Tia alama, chukua onyo lako, rudi kwenye mashine.

Mjomba wako

1 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru kifua bado kina utii. Changu hakina, kwa hiyo nivumilie.

Umenifundisha kuliko ulivyokusudia. Umesema utani ni wa watu wawili wanaorushiana. Yule bwana namrudishia nini, na kwa mkono upi? Fundi wa vifungo alipotangazwa, alimrudishia nini? Nikitia alama pale nitakuwa nimesema kwa maandishi kwamba sisi na yeye tulikuwa tunacheza. Hatukuwa tunacheza. Na huo mkono nimeubusu miaka sita, midomo imechoka.

Kuna jambo sikukueleza. Chini ya kisanduku cha tatu pana mstari: eleza kilichodhihakiwa. Chini ya vile viwili hapana kitu. Ukiwa umetania, hakuna anayekuuliza ulitania nini. Kwa hiyo nimetia alama cha tatu, na mstari nimeujaza mpaka pembeni: ufunguo, saa, dakika tatu, majina yanayotangazwa. Fundi wa vifungo nilimwendea kwanza nikamwomba ruhusa. Akanitazama, akasema, "Andika. Na uandike siku ile nilikaa dakika nne. Yeye alitangaza tano."

Mama amenuna. Anasema nimerithi kichwa chako, na kwamba hilo nalo lingekuwa na kisanduku. Fomu nimeshaipeleka.

Mpwa wako

14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole na mama yako. Akinuna mpe siku tatu, ya nne atakuuliza umekula.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia.

Mwaka wangu wa tisa huku nilikalimani kesi ya mfagiaji mmoja wa kwetu. Mbele ya wenzake alikuwa amemwigiza bosi wake anavyotembea akikagua vumbi kwa kidole. Kwenye kikao alisema wazi, kwa lugha yetu, kwamba alimdhihaki na alikusudia. Mimi nikawaambia kwa Kiingereza kwamba alikuwa anatania tu. Wakacheka, wakamrudishia ufagio wake. Nilijiona nimemwokoa. Kwenye ngazi akanishika kiwiko, akasema, "Mzee, kazi nimepata. Maneno yangu umeyapeleka wapi?" Ushauri niliokupa ulitoka kwenye mdomo uleule.

Sasa basi. Wakikuletea mkalimani, msikilize neno kwa neno. Akisema utani, msimamishe, hata awe na mvi kama zangu. Wakikuuliza kama unajua maana ya ulichoandika, usiiname. Unaijua kuliko mimi.

Mjomba wako

22 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nisamehe ukimya. Nilitaka kwanza mambo yatulie, ndipo nikuandikie bila hasira.

Mwenyekiti wa kamati ni mpole, na huo ndio ulikuwa mtego. Alisema, "Binti, hili neno zito. Tuandike mlikuwa mnataniana, tumalize, kila mtu aende nyumbani." Msimamizi akaitikia haraka, "Ndiyo, ndiyo, tunataniana sana." Nikasema, "Mzee, huyu sijawahi kutaniana naye. Nilimdhihaki. Naomba msome mstari."

Ikabidi karani ausome kwa sauti, wote. Mama wa stoo, naye mjumbe, akamuuliza msimamizi, "Dakika tatu umezipata wapi?" Akasema ni taratibu za kazi. "Zimeandikwa wapi?" Akanyamaza. Karani akaandika kwamba amenyamaza.

Wamenifukuza, Mjomba. Wawili walitia sahihi, mama wa stoo akakataa. Ila karatasi ilipanda ofisi kuu ikiwa na mstari wangu, na huko hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyeziruhusu zile dakika. Msimamizi bado yupo. Ufunguo amenyang'anywa.

Sasa nashona mapazia nyumbani kwa cherehani ya mama. Kuna wiki tunapata, kuna wiki tunatazamana. Mama ameacha kununa, ila zamu yake ya kushona ikifika, kanyagio la cherehani analikanyaga kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Juzi nilipeleka mapazia ya mteja, nikapita nyuma ya kiwanda. Ilikuwa saa nne asubuhi, saa ya kazi. Dirisha la choo cha wanawake lilikuwa wazi, na humo ndani watu wawili walikuwa wanapiga soga, mmoja anasimulia harusi ya mdogo wake tangu mwanzo. Nilisimama mpaka akafika kwenye mavazi ya bwana harusi, na alikuwa bado hajafika kati. Nikabeba mapazia yangu nikaenda.

Mpwa wako