Mafuta ya Januari, Mafuta ya Machi

Savelugu, 12 Januari

Mke mwenzangu Wumpini,

Hujambo? Goti langu linauma ila kinywa ni kizima. Anayeniandikia ni Fuseina wa jirani; nimemwonya asiyapake maneno yangu asali.

Barua yako ni kurasa tatu za kulia! Watoto hawaelewi yabisi, hawaelewi kimiminika, gesi ndiyo kabisa, sasa unataka kuacha ualimu. Kwani uliwaonyesha nini?

Bibi yako, Sanatu

Gushegu, 20 Januari

Shikamoo Bibi,

Pole na goti. Mimi mzima, roho tu imechoka.

Niliwaonyesha donge la mafuta ya shea. Nikasema, “Hili ni gumu, ni yabisi.” Azara, kitoto cha miaka saba, akadakia: “Ni baridi tu hiyo, Mwalimu. Ngoja Machi, yatamwagika yenyewe!” Darasa zima likacheka. Nikamtoa nje. Wiki mbili sasa hajarudi. Mama yake kamweka kwenye kinu aponde kokwa za shea.

Mjukuu wako, Wumpini

Savelugu, 27 Januari

Wumpini,

Leo salamu sina.

Umekulia mgongoni kwangu nikikoroga mafuta hayohayo! Motoni maji, kwenye baridi jiwe. Mtoto kasema kweli, nawe ukamfukuza? Mimi niliishia nje ya mlango wa shule, nikiwapelekea kaka zangu chakula. Usinitolee nje msichana mwingine.

Nakutumia chungu changu cha kukorogea mafuta. Nenda kwao kwa miguu yako, umwombe mtoto radhi, mama yake akisikia. Na hiyo gesi unayolia kwamba haionekani, nimekufungia kitambaani dawadawa iliyochacha, kile kiungo chetu cha mchuzi kinachonuka mtaa mzima. Wafumbe macho, ufungue. Atakayesema hakuna kitu, hana pua.

Bibi yako

Gushegu, 16 Februari

Shikamoo Bibi,

Samahani kwa ukimya. Nilikwenda. Mama yake hakunipa hata kigoda. “Umekuja kumtoa na hapa?” Nikashika mchi, nikaponda mpaka malengelenge, Azara akinicheka. Nikamwomba radhi. Akauliza, “Na nikidakia tena?” Nikamwambia, “Dakia.”

Jana alikoroga chungu mwenyewe darasani, wenzake wakitazama donge likiyeyuka. Nilipofungua kitambaa, mkuu wa shule akatoka ofisini kwake kuuliza nani anapika. Wakapiga kelele: “Gesi imefika kwa mkuu!”

Siachi kazi.

Wumpini

Savelugu, 22 Februari

Mke mwenzangu,

Goti vilevile. Chungu changu kirudi, ukilete mwenyewe, na Azara uje naye. Moshi wa kuni uko wapi katika vile vitatu vyenu? Wewe nyamaza. Namuuliza yeye.

Bibi yenu, Sanatu