Hooyo, Nimeuona Uso wa Baba Yako Gazetini

Hooyo, mama yangu,

Rehema za Mungu zikufikie hapo ulipolala. Sisi huku Garissa tuko salama. Joto ni lile lile uliloliacha, na dada yako mkubwa, Habaryar Dahabo, bado anatutukana kila asubuhi, kwa hiyo ujue afya yake ni nzuri. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali ninakisema kama maji lakini kukiandika hakuna aliyenifundisha, na shule niliikimbia kabla haijanimaliza. Nawe Kiswahili ulikijua, kile chako cha kuuzia maziwa.

Nina habari kubwa. Lakini unanijua, habari kubwa mimi siitoi mlangoni. Kaa kwanza.

Nakukumbuka pale nyuma ya soko, madumu ya maziwa ya ngamia mbele yako, wake wa maaskari wamekuzunguka. Mmoja akauliza kama umetia maji. Ukamtazama kuanzia viatu. "Maziwa hii haina maji, mama. Maji iko Tana, enda chukua mwenyewe." Wakacheka, wakanunua wote, na yule wa maji akachukua dumu zima. Mdomo huu wangu, ambao umenivusha mipaka na kunilisha Kampala, Juba mpaka Jeddah, sikuupata dukani. Asante kwa huo.

Na kwenye kila dumu ulichora ile alama kwa makaa: mstari mrefu wenye upinde chini yake, na kistari kifupi pembeni. Nikiwa mdogo nilidhani ndilo jina lako. Ukanieleza kwamba mstari na upinde ni wa ukoo, huchomwa shingoni mwa kila ngamia wetu kwa chuma cha moto, na kile kistari ni cha nyumba ya baba yako, yeye na ndugu zake tu. Ngamia wenyewe walikwisha kitambo, ukame uliwamaliza kabla sijazaliwa, lakini wewe alama hukukubali ife. Uliichora mchangani ukingoja uji uive. Ulinishonea kwenye mfuko wa shule. Na nilipopata lori langu la kwanza, mimi dereva mwenye miwani ya jua, ukanijia na kopo la rangi nyeupe.

"Hooyo, hili ni lori, si ngamia."

"Linabeba mizigo?"

"Linabeba."

"Linakunywa?"

"Linakunywa dizeli, tena sana."

"Basi ni ngamia. Shika kopo."

Ukaichora mlangoni, kubwa, rangi ikichuruzika, mbele ya makuli wote wa soko la mifugo. Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye nilianza kuwadanganya watu kwamba ni nembo ya kampuni yangu.

Lakini uso wa baba yako hukuwa nao. Hilo ndilo lililokuuma. Ulituambia ulikuwa mdogo mno. Alipohamisha familia alikuwa akitangulia kwa miguu, wewe umefungwa juu ya ngamia wa mizigo, na ulichobaki nacho ni mgongo wake tu. Kisha mwaka mmoja wa ukame akaondoka Buna kutafuta malisho upande wa Bute, homa ikamshika, wakamzika huko huko. Picha hakuna. Nani angempiga picha?

Siku zile za mwisho, pale hospitalini, ilikuwa mchana, feni inazunguka na upepo hakuna, ukanishika mkono. "Hooyo," ukaniita, kama mama zetu wanavyomwita mtoto kwa jina lao wenyewe, "nikifika huko, aabo nitamjuaje? Mimi uso wake sina."

Habaryar Dahabo ndiye aliyejibu, pale alipokaa kwenye mkeka. "Usijali. Ni mzee mkubwa. Mrefu kama mlingoti wa stima, ndevu mpaka hapa," akagusa kifua. "Utamwona kutoka mbali." Ukatulia. Ukamchukua yule mzee mrefu moyoni, na siku chache baadaye ukaenda naye.

Swali lako likabaki kwangu.

Sasa sikiliza. Mwaka huu nilikuwa hotelini pale karibu na soko la mifugo, nakunywa chai, na Yarow wa Bute, yule dalali wa mbuzi anayejiona balozi, akatoa simu akaanza kutangaza kwamba babu yake aliandikwa gazetini zamani za mkoloni. Babu yake alikuwa mkalimani wa bwana DC. Kweli, palikuwa na jina lake, mstari mmoja, kwa Kiingereza. Watu wakapokezana simu kama mtoto mchanga.

"Waryaa dereva," akaniambia, "babu yako naye yuko gazetini?"

"Babu yangu gazeti lingemtosha?" nikamjibu. "Wangemwandika yeye, habari nyingine zote zingekosa mahali."

"Basi tuonyeshe."

"Nitakuonyesha."

Wakacheka. Mimi huwa nacheka nao, lakini siku hiyo niliweka kikombe chini. Nikamvuta Yarow pembeni, na hapa lazima niseme ukweli, ana roho nzuri, alinifundisha bila kuringa sana. Kumbe kuna watu wamekaa wakayapiga picha magazeti ya zamani, ukurasa kwa ukurasa, mpaka matangazo ya sabuni, wakayaweka kwenye mtandao. Unaandika neno, mashine inayapekua yote inakuletea kurasa zenye neno hilo. Wallahi, Hooyo, mimi nimeona meli inayobeba magari elfu, lakini hili lilinishangaza zaidi.

Nikapanda kwenye lori langu, foleni ya kupakia ilikuwa ndefu, nikaanza. Na ulivyotulea, mtu akikuuliza wewe nani unamtajia baba, baba wa baba, na baba zake wote bila kupumua. Basi nikamtajia mashine. Nikaandika jina la awoowe, babu yangu, bin fulani, bin fulani, nikapanda nao wote mpaka kwa yule babu aliyetoka ng'ambo ya bahari. Vidole viliniuma. Mashine ikajibu kwamba hakuna kilichopatikana. Nilikasirika kweli. Wanaume wote wale, hata mmoja?

Nikapunguza, nikabakiza jina lake na la baba yake tu. Wakaja wengine: mmoja mfungwa aliyetoroka, mmoja mwenye duka la ngozi, mmoja bingwa wa mbio za baiskeli. Yule wa baiskeli nilimtamani sana awe wetu, nikamsoma mpaka mwisho. Mtu wa pwani.

Hivyo kwa wiki nyingi. Kiingereza changu ni cha barabarani, kinatosha kubishana kwenye kizuizi na kuomba radhi baadaye, kwa hiyo nilisoma polepole, midomo ikicheza. Nikaanza kuona jambo. Habari za kwetu zilikuwemo: ukame, visima, mifugo, bei ya ngozi. Watu ndio hawakuwemo. Yule mkalimani aliandikwa jina kwa sababu alisimama karibu na bwana DC. Mtu anayenywesha ngamia wake Buna, nani angemuuliza anaitwaje?

Basi nikaacha kumtafuta awoowe, nikawatafuta ngamia wake. Nikaandika Buna, kisima, ngamia, ukame. Zikaja kurasa. Ya ngapi sijui, nikafungua moja iliyochakaa, pembe imeraruka, ina doa kama la chai, na katikati picha ya mtu na ngamia kisimani. Maelezo chini yake: mfugaji akinywesha ngamia wake mzuri karibu na Buna. Basi. Ngamia kasifiwa, mtu hana jina.

Nikaikuza kwa vidole. Shingoni mwa ngamia palikuwa na mstari mrefu, na upinde chini yake. Nikaikuza tena. Na pembeni, kistari kifupi.

Hooyo, mimi ambaye lori lilipinduka nami njia ya Wajir nikatoka dirishani nikiuliza nani ana sigara, siku hiyo nilishuka bila kuvaa viatu. Nikasimama mbele ya mlango wa lori langu mwenyewe, simu mkononi, naangalia hapa, naangalia pale. Makuli walidhani nimepigwa na jua.

Lakini sikupiga kelele. Najua huamini, ila ni kweli. Kistari kile kilikuwa cha ndugu wote wa nyumba ile, na kamba ya ngamia inaweza kushikwa na yeyote. Tena mtu mwenyewe hakuwa yule mzee wetu hata kidogo. Alikuwa kijana, mwembamba, mfupi, kichwa hakifiki hata begani mwa ngamia. Kidevu kitupu kama yai. Masikio yamesimama. Nywele zimetanda kama kichaka, na ndani yake kachomeka kitana kirefu cha mti, vile walivyofanya vijana wa malishoni waliotaka kutazamwa. Anacheka. Nikasema huyu si babu ya mtu, huyu yuko njiani kwenda harusini.

Duniani amebaki mtu mmoja aliyemwona awoowe akiwa hai. Nikaenda kwenye duka la fotokopi wakanitolea ile picha kwenye karatasi kubwa, nikaipeleka mtaa wa Waberi kwa Habaryar. Njiani niliomba dua. Kama naye asingemtambua, hakuna mwingine wa kuuliza.

"Umeleta nini, kalenda?"

"Tazama tu, Habaryar."

Macho yake yalishafanyiwa upasuaji, anaona vizuri kuliko anavyokiri. "Nani huyu? Mwambie akanyoe."

"Tazama ngamia."

Akaivuta. Kidole chake kikafuata mstari, upinde, kistari. Akanyamaza. Habaryar Dahabo akanyamaza, Hooyo, jirani akachungulia kuona kama kuna msiba. Kidole kikapanda taratibu kutoka shingo ya ngamia mpaka kwa yule kijana, kikasimama kwenye kitana.

"Samli," akasema.

"Samli gani?"

"Alikuwa anapaka nywele samli. Mama alikuwa anamgombeza kila siku: kichwa chako kinakula kuliko watoto! Naye anacheka hivyo hivyo, masikio yanapanda."

Nikakaa chini. "Lakini ulisema ni mrefu, Habaryar. Mrefu kama mlingoti."

"Nilikuwa namtazama kutoka chini, mjinga wewe."

"Na ndevu?"

"Ndevu nilimwekea mimi. Hatukuambiwa mapema kwamba amekufa, tulikuwa tunangoja. Mwaka ukipita namzeesha kidogo. Sisi tulikuwa tunakua, nikaona vibaya kumwacha nyuma."

Akaifuta ile karatasi kwa ncha ya mtandio, ingawa ilikuwa safi. "Ni mtoto," akasema. "Mdogo kuliko mjukuu wangu." Kisha akainama akamsemesha, na akamwita hooyo, baba yake mzazi, kama bibi anavyomwita kijana yeyote aliyeingia kwake kutoka safarini: "Hooyo, umekonda. Umekula?"

Mimi nilitoka nje kuangalia magurudumu.

Sasa ninashukuru. Nawashukuru wale waliokaa kuyapiga picha magazeti yaliyochakaa, ambayo mimi ningefungia miraa, bila kujua ndani yake kuna baba wa nani. Namshukuru aliyekuwa na kamera siku ile kisimani. Kutouliza jina nimemsamehe, maana alimngoja mpaka akacheka. Hata Yarow nimemshukuru, nilimlipia chai mbele za watu, na aliponiambia babu yangu ana sura nzuri kuliko yangu sikumjibu. Lakini kuliko wote nakushukuru wewe. Bila makaa yako na kopo lako la rangi ningempita awoowe kwenye ile simu kama mtu anavyompita mgeni barabarani. Nilidhani unang'ang'ania ngamia waliokufa. Kumbe ulikuwa unaniachia macho.

Nyumbani picha iko ukutani, watoto wangu wanamwita Awoowe Kitana. Mdogo wao amechomeka kalamu nywelini. Mimi huwa napita hapo asubuhi kabla ya safari na kumsalimia, halafu nakukosa sana, kwa sababu uliyepaswa kusimama pale ni wewe.

Ndiyo maana nimeona nisikae kimya. Sheikh wetu ameniambia kwamba huko watu hujuana bila kuonyeshwa. Namwamini. Lakini sheikh hakukujua wewe sokoni. Hata mbuzi aliyezaliwa uani kwako ulimfungua mdomo ukakagua meno. Naona kabisa umekaa mahali unaangalia wazee warefu wenye ndevu wakipita, unauliza mmoja mmoja.

Achana nao, Hooyo. Usimtafute mzee. Tafuta kijana mfupi, masikio yamesimama, kitana kwenye nywele, ananukia samli, anacheka na watu. Na akikupita usivunjike moyo, maana yeye alimwacha mtoto wa kufungwa juu ya ngamia, na aliyefika ni bibi mwenye mvi na mkongojo. Kukujua hawezi. Wewe sasa ndiye mkubwa, wewe ndiye mwenye uso wake. Msogelee, umwambie ni binti yake.

Mwanao wa pili, yule wa mdomo