Matembele ya Mashindano

Shufaa, wewe na siku yako ya wapenda mimea, nakushukuru sana. Nimetoka huko mtaa wa Bellevue sasa hivi.

"Njoo tupalilie bustani ya mtaa," ukasema. Nimefika, wewe hupo. Nikaona chungu kikubwa cha maua, matembele, mboga yetu ya majani ya viazi vitamu, yamemwagika mpaka chini. Sasa mtu wa Tanga ayapite hivi hivi? Nikachuma majani machanga, mfuko ukajaa.

Kumbe ni pambo! Kumbe ni pambo la mashindano, na majaji ndio hao wanakuja!

Mwenyewe, mama mmoja wa kofia pana, akashika kichwa: "Miezi saba naulea mmea wangu!" Miezi saba, Shufaa, na hajaonja hata jani. Halafu mharibifu ni mimi.

Nikamwambia kwa adabu zote, "Pole mama, yatachipua." Eish, ndiyo kwanza akaangua kilio.

Jaji akainama, akakizunguka chungu. "Mmea huu umepunguzwa na fundi. Nani huyo?"

Kilio kikakatika palepale. "Ni mimi," mama akajibu. "Nimezoea tu."

Nimezoea tu!

Kapewa nafasi ya kwanza. Na mfuko wangu wa mboga kaondoka nao.