Cherehani ya Mama Wambui

Shamba la kahawa, Ruiru

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na mke wangu Selina, ambaye najua ndiye anayekusomea. Goti lako limepona, ama bado linakusumbua ukipanda kutoka mtoni? Mvua je, imewafikia huko Maragoli? Mimi ni mzima. Ule ugonjwa wa kifua ulioniangusha mwaka jana haujarudi, na kwa hilo namshukuru Mungu pamoja na yule mjane Mkikuyu niliyekuandikia habari zake, Mama Wambui, tunayefanya naye kazi hapa shambani. Siku kumi na moja alinipikia uji na kunichemshia maji, na mimi si ndugu yake wala lugha yake siijui. Sasa nataka usikie jinsi nilivyopata nafasi ya kumrudishia wema.

Bwana mwenye shamba ana mashine ya jeshi ya kutafutia vyuma ardhini. Ni sahani iliyofungwa mwisho wa fimbo ndefu, na mlio wake unakuja masikioni kwa waya. Kila Jumamosi tunakwenda pale wajenzi wa reli walipopiga kambi zamani, atafute vifungo na senti za kale, kwa kujifurahisha tu. Nilianza kwa kumbebea sepetu. Siku hizi masikio yake yamezeeka, kwa hiyo mimi ndiye ninayesikiliza.

Mama Wambui aliposikia hayo alinijia. Wakati wa hali ya hatari, walipoamriwa kubomoa nyumba zao na kuhamia katika kijiji kilicholindwa na askari, mumewe aliizika cherehani ya mkewe uani ili isiporwe. Baadaye mume akakamatwa, akafia kizuizini. Sasa wameruhusiwa kurudi kwenye shamba lao, naye alikuwa amechimba kwa jembe wiki tatu asiione. Aliniomba kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya. Nikamweleza Bwana, akakubali. Tulipitia kwa chifu kupata ruhusa, kisha Bwana akatupeleka kwa gari lake mpaka huko ng'ambo ya Thika, mimi na Mama Wambui na binti yake Wambui.

Nilidhani ni kazi ya saa moja. Nilivua viatu kwa sababu ya misumari ya soli, nikamwomba Mama Wambui asimame mbali na bangili zake. Tukavuta kamba mbili, nikatembea katikati, sahani ikikaribia kugusa udongo, nikiipeleka kushoto na kulia polepole bila kuinyanyua. Lakini mahali palipobomolewa nyumba pamejaa vyuma. Kila hatua mlio. Tulichimba bawaba, vipande vya sufuria, misumari isiyo na idadi. Ilipofika saa tisa Mama Wambui akaniambia, "Baba Kageha, iache. Umetafuta vya kutosha."

Sikuweza kuiacha, Mama. Nikamwuliza, mumewe alipokuwa akichimba, yeye alisimama wapi? Akafikiri kidogo. Akasema alikuwa mlangoni pa ghala la mahindi akiangalia njia, na alisikia jembe nyuma yake, mkono wa kulia. Ghala halipo tena, ila tuliona visiki vya nguzo zake kwenye nyasi. Nikaanza upya hapo, polepole zaidi. Msumari hulia kwa ukali na kunyamaza. Huu ulikuwa mlio hafifu, mzito, ulioenea. Nikaupitia tena nikitokea upande mwingine, na njia mbili zilipokutana nikachomeka kijiti. Bwana amenifundisha nisichimbe juu ya mlio wenyewe. Tulianzia kando ili sepetu isikipige kitu. Shimo lilipofika magotini tukaona sanduku la bati, limezibwa kwa lami kwenye maungio.

Cherehani ilikuwa ndani, imepakwa girisi. Chini ya sindano kulikuwa na gauni la mtoto lenye mkono mmoja. Mama Wambui alikuwa akimshonea bintiye siku ile walipoambiwa wahame. Wambui sasa anamfikia mama yake mabegani. Mama yake alimpima nalo kifuani, kisha akaketi juu ya udongo tuliouchimba, akalia.

"Baba yake hakulitoa," akasema. "Alilizika na uzi wake."

Tulifukia mashimo yote, hata yale madogo, tukapakia sanduku garini, tukarudi.

Gurudumu lilikuwa limekwama, lakini baada ya siku mbili za mafuta ya taa lilizunguka. Jumapili Mama Wambui alikuja mlangoni kwangu, akaniuliza binti yangu Kageha ana miaka mingapi. Nikamwambia minne. Jana aliniletea gauni lile likiwa na mikono miwili.

Nimelituma pamoja na barua hii. Doa lililo kwenye pindo ni la girisi. Amelisugua halikutoka, akasema nikuombe radhi. Nisalimie mjomba Hezroni, dada yangu Jerida na watoto wake, na mwalimu wa kanisa. Kageha akilivaa Jumapili, mtajeni Mama Wambui katika sala, na mumewe pia. Aliitwa Kamau.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka kila siku,
Jairo